Neno Nililomnyima Wilfrida

Awuor, mama,

Sitaanza na zile salamu tulizofundishwa shuleni, nyingi kama mchanga wa bahari. Kwanza bahari yenyewe sijawahi kuiona, na pili tumekula pamoja mchana huu na najua u mzima, maana uliongeza ugali mara mbili. Sasa hivi uko sokoni kwa msusi, na mama yako amefungua sanduku lako kwa mara ya nne kuhesabu soksi. Mambo ya blanketi, dawa ya meno na watu wa kuepuka njiani namwachia yeye, ameyapanga vizuri kuliko mimi. Mimi nimejifungia chumbani na daftari la zamani la kituo cha afya. Kuna jambo ambalo lazima ulijue kabla hujapanda basi la kesho, na mdomo wangu umekataa kulisema.

Naandika kwa Kiswahili, lugha ya nyumba hii tangu mimi Mjaluo nilipomwoa mama yako Mkuria na kila mmoja wetu akakataa kushindwa. Kwa Kiingereza ningejificha. Nimejificha ndani ya Kiingereza muda mrefu wa kutosha.

Barua yako ya chuo cha uuguzi cha Nyeri ilipofika, ulisema maneno mezani. Labda umeyasahau. Mama yako alikuuliza kwa nini uuguzi na si ualimu, nawe ukasema, bila hata kuniangalia, "Nataka kuwa kama Baba. Niwasemee wagonjwa wasioweza kujisemea." Mama yako akafurahi. Mimi nikainuka nikasema naenda kumfunga ng'ombe, na ng'ombe alikuwa amefungwa tangu saa kumi. Nilisimama pale zizini nikiona aibu mbele ya mnyama. Unakwenda Nyeri kwa sababu ya mtu ambaye si mimi, na sitaki uende bila kumjua huyu aliye mimi. Ukishamjua, utaamua mwenyewe kama maneno yale bado ni yako.

Umeniuliza tangu darasa la tatu kwa nini mama mdogo Wilfrida aliondoka nyumbani kwetu. Kila mara nilikujibu kwamba alienda kusalimia kwao Muhuru Bay. Hakuna mtu anayesalimia miaka tisa. Ulipokuwa bweni Asumbi uliacha kuuliza, nami nikashukuru, nikadhani umesahau. Hukuwa umesahau, ulikuwa umechoka kudanganywa. Wilfrida aliondoka kwa sababu yangu, na kilichomwondoa ni neno moja la Kiingereza ambalo nililipokea na sikulifikisha.

Unajua nilikuwa karani pale kituo cha afya cha misheni. Kazi yangu ilikuwa kuandika kadi na kupima watoto uzito. Kisha akaja Sista Daktari, mtawa mrefu mwenye viatu vya kanvasi, aliyejua kila kitu kuhusu kifua cha binadamu lakini Kidholuo hakujua zaidi ya kusalimia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi. Ikatafutwa mtu wa kukaa kati yake na wagonjwa. Nilikuwa nimefika Form Two, na nilipenda sana kusikika nikiongea Kiingereza, hasa wakiwapo watu wasiokijua. Nikapewa stuli kando ya meza yake.

Siku ya kwanza alinipa sheria moja. Nisiseme "Sista anasema hivi" wala "daktari anasema vile." Niseme kama yeye. Akisema mimi, nami niseme mimi, ili mgonjwa asikie anaongea na daktari wala si na karani. Ni sheria nzuri, na nadhani wewe pia utafundishwa hivyo. Lakini iliniingia kichwani vibaya. Kutwa nzima nilikuwa nasema, "Nimekuchunguza. Nimeona. Nitakupa dawa." Baada ya mwezi watu wakaanza kuniita daktari huko sokoni, nami sikuwasahihisha. Nilikuwa natembea na kalamu mbili mfukoni, mama. Moja haikuwa na wino.

Neno alilolitumia Sista kuliko mengine yote ni probably. Lilikuwa katika kila sentensi ya pili. Hii ni probably malaria. Mtoto huyu probably atapona kabla ya Jumapili. Mwanzoni nilidhani ni tabia tu ya mdomo, kama vile mjomba wako anavyosema "unaona" baada ya kila neno. Nikawa nalitafsiri kwa labda, au kwa Kidholuo, kamoro. Na hapo ndipo matata yalipoanza. Labda yetu unaijua. Ukimwomba mtu jembe akakujibu labda kesho, wewe unajua umenyimwa, unaenda kuomba kwa jirani. Ni neno tunalotumia kumwondoa mtu mlangoni bila kumkosea heshima.

Siku moja akaja mzee kutoka Magunga, maana sifa za Sista zilikuwa zimefika hadi huko. Alikuja nusu ya njia kwa lori la pamba na nusu kwa mguu uliovimba kama mtungi. Sista akamkagua, akaniambia, nami nikamwambia mzee: labda ni jipu la ndani, labda tutalipasua.

"Labda?" mzee akauliza. Akanitazama mimi, akamtazama Sista. "Mimi nimetoka Magunga na hii mguu, nimelala njiani, halafu huyu mzungu ananiambia labda? Labda hata mimi niko nayo nyumbani."

Akachukua fimbo yake akaenda. Watu kwenye benchi walicheka hadi mlinzi akaja kuona kuna nini. Sista hakucheka. Alimfuata hadi langoni akiita, na mzee hakugeuka.

Jioni ile nilimuuliza Sista neno lake lina uzito gani. Akafikiri, kisha akaniuliza kama naijua mizani ya dukani, ile ya sahani mbili. Akasema, usipojua kitu kabisa, sahani zimekaa sawa. Ukiwa na hakika, sahani moja imegusa meza na nyingine ni tupu. Probably ni pale sahani moja imeshuka, lakini ile nyingine haiko tupu. "Hiyo nyingine nataka mgonjwa aione pia," akasema. "Ni haki yake."

Nilimwelewa vizuri sana. Sitaki udhani sikuelewa. Nilielewa, kisha nikaamua kwamba Sista hawajui watu wetu. Nilijiambia kwamba mtu aliyetembea siku mbili anataka kitu cha kushika mkononi. Kuanzia kesho yake nikaanza kulimeza lile neno. Yeye akisema probably ni malaria, mimi nasema, "Ni malaria." Na nikuambie ukweli, ilifanya kazi. Watu walimaliza vidonge vyao vyote. Walirudi na kuku wa shukrani. Wakasema Sista huyu habahatishi, anaona ndani ya mtu. Sista mwenyewe alishangaa jinsi wagonjwa walivyokuwa watiifu, akanisifu kwamba naongea nao vizuri. Nilikunywa zile sifa kama uji wa asubuhi.

Hayo ningeweza kukusimulia hata mbele ya wageni, tukacheka. Yanayofuata sijamsimulia mtu ila mmoja, nitakuja kwake.

Wilfrida alipoolewa na baba yako mdogo Okeyo, wewe ulikuwa unaanza shule. Okeyo alikuwa seremala pale Migori, na kitanda cha arusi alikichonga mwenyewe. Mungu hakuwapa mtoto haraka, basi Wilfrida akakufanya wewe wake. Alikusuka, alikufundisha kupepeta dagaa wetu wa omena, ulilala kwake zaidi ya kwetu. Mama yako aliwahi kulalamika kwamba umesahau njia ya kurudi nyumbani, na nyumba zenyewe zilitengana hatua ishirini.

Kisha akaanza kukohoa. Akakonda. Ilikuwa ile miaka ambayo kila wiki tulizika mtu, na watu walikuwa wamejifunza kupima wenzao kwa macho. Wengine walisema ni chira, amevunja mwiko. Wengine walitaja ayaki, yaani ukimwi, ule ugonjwa ambao hata sasa tukiutaja tunashusha sauti. Nami nilikuwa mmoja wao, Awuor. Nilimtazama akichota maji, nikahesabu mifupa ya shingo yake, na moyoni nikaandika kadi yake kabla hajafika kwa daktari.

Okeyo akamleta kituoni siku ya Jumanne. Wakaketi kwenye benchi, mimi kwenye stuli yangu, Sista mbele yetu. Sista alimsikiliza kifua mbele na nyuma kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, ili nisikose hata neno. Alisema kwamba probably ni ule ugonjwa. Alisema inaweza pia kuwa kifua kikuu peke yake, ambacho kina dawa. Alisema atatuma damu hospitali ya Homa Bay, na makohozi pia, majibu yatarudi baada ya wiki mbili, na kabla ya hapo mtu yeyote asiamue jambo lolote. Alilirudia hilo la mwisho mara mbili.

Mimi nikamgeukia Wilfrida nikasema, "Nimekuchunguza. Nimeona ni ayaki. Tutachukua damu na makohozi, urudi baada ya wiki mbili."

Hiyo ndiyo sentensi. Nimeiandika hapa kama nilivyoisema. Kifua kikuu sikukitaja. Kungoja sikukutaja. Na ile mimi ndani yake, sijui hata leo ilikuwa ya nani.

Okeyo akasimama akaenda dirishani. Wilfrida hakulia. Alinitazama mimi, wala si Sista, akaniuliza, "Shemeji, ako na hakika?"

Hili ndilo ninalotaka ulisikie vizuri. Lile neno nilikuwa nimelimeza kwa mazoea, na mtu angeweza kunitetea kwamba ulimi uliteleza. Lakini swali hili lilikuwa la Sista. Kazi yangu ilikuwa kuligeuza tu, maneno matatu, na Sista angejibu hapana, na kila kitu kingerudi mahali pake. Sikuligeuza. Nilijibu mwenyewe.

"Ako na hakika," nikasema.

Sista akauliza, "Anauliza nini?"

Nikamwambia, "Anauliza arudi lini."

Kwa nini? Nimejiuliza miaka tisa. Nadhani niliona aibu kuonekana nimekosea. Kama ningemgeukia Sista akasema hana hakika, Wilfrida na Okeyo wangejua kwamba sentensi ya kwanza ilikuwa yangu, na daktari wa kalamu mbili angeonekana ni karani. Niliuza mke wa ndugu yangu kwa kitu kidogo hivyo. Sina neno zuri zaidi la kukiita, na nikilipata nitalikataa.

Siku ya nne wazee wa ukoo wakakaa na Okeyo. Mimi nilikuwepo. Waliniuliza, kwa kuwa ndimi msomi wa hospitali, nami nikatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu mwenye siri kubwa. Wakaamua arudishwe kwao, na asubuhi yake Wilfrida akaondoka na beseni moja na gunia la nguo. Ulimkimbilia barabarani na yunifomu yako, kiatu kimoja mkononi. Alikushika kichwa akakugeuza urudi. Ulipofika kwangu ukauliza anaenda wapi, ndipo nikaanza ule wimbo wa kusalimia.

Majibu yalirudi siku ileile Sista aliyoitaja. Damu ilikuwa safi. Makohozi yalikuwa na kifua kikuu. Sista alikuja kwenye chumba cha kadi akikimbia na viatu vyake vya kanvasi, karatasi mkononi, anacheka kama msichana. "Mlete leo," akasema. Nikamwambia amerudi kwao. Akaacha kucheka. Akauliza kwa nini ameenda kabla ya majibu. Nikasema ni mambo ya kifamilia. Akanitazama, kisha akauliza swali moja.

"Ulimwambia probably?"

Nikasema, "Ndiyo, Sista."

Akaniamini. Hakuwa na sababu ya kutoniamini, mimi ndimi niliyekuwa masikio yake na mdomo wake. Alinipa dawa, vidonge na sindano, na barua kwa mhudumu wa zahanati ya huko, akaniambia niondoke kesho asubuhi.

Niliondoka baada ya siku kumi na moja. Kwanza nilisema baiskeli imeharibika. Kisha nikasema mvua. Dawa zilikaa juu ya kabati yetu, na kila jioni nikizitazama niliona kifua cha mtu kinaliwa huko. Naona aibu kuhusu hizo siku kumi na moja kuliko kuhusu ile sentensi. Sentensi ilitoka kwa pumzi moja. Siku zilikuwa kumi na moja, na kila moja ilikuwa na asubuhi yake. Mama yako ndiye aliyenitoa. Alishika zile dawa, akauliza ni za nani, nikamwambia. Akaniambia, akijitaja jina kama anavyofanya akikasirika, "Mimi Robi siwezi kulala nyumba moja na dawa ya mtu mwingine." Sikumweleza mengine. Naye hajawahi kuuliza, na sijui anajua kiasi gani.

Nilimkuta Wilfrida katika kibanda nyuma ya jiko la mama yake. Walikuwa wamemtengea sahani. Kikombe chake kilifungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, ili mtu mwingine asikitumie kwa bahati mbaya. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba aliponyanyuka kunisalimia, mkeka haukutoa sauti. Nami, baada ya yote hayo, unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Damu imebadilika. Hospitali walikosea, sasa wamepima upya."

Nilitupia damu lawama. Nikawatupia watu wa hospitali ya Homa Bay ambao walikuwa wamefanya kazi yao bila kosa. Na juu ya hapo nikamtupia Sista. Maana Wilfrida alisema, "Kumbe yule mzungu aliniambia ako na hakika na hana," nami nikanyamaza. Alipopona, na alipona, miezi minane ya dawa alizimaliza zote, alisimulia pwani nzima ya Muhuru kwamba Sista wa Migori hubahatisha na kuvunja nyumba za watu. Wagonjwa wa upande ule wakapungua. Sista aliona wanapungua na hakujua sababu. Alirudi kwao akiwa hajui. Siku ya kumuaga alinipa saa yake ya mkononi, ile uliyokuwa ukiniuliza kwa nini siivai.

Okeyo alikuwa ameoa tena kabla Wilfrida hajamaliza dawa. Unamjua mkewe, ni mtu mwema, hana kosa hapa. Analala juu ya kile kitanda. Okeyo naye hadi leo anaamini damu ilibadilika. Nitamwambia. Nimejipa muda hadi mwezi ujao, na nikikuandikia kwamba ng'ombe amenizuia, usinikubalie.

Sasa nakuja kwa yule mtu mmoja. Baada ya maneno yako mezani nilikaa wiki moja, kisha nikaenda Muhuru Bay. Nyinyi niliwaambia naenda kuangalia shamba la kukodi. Hata huo ulikuwa uongo, nadhani ndio wa mwisho, lakini sitaapa.

Nilimkuta ufukweni anaanika omena. Amenenepa, Awuor, ungefurahi. Ana nyavu kuukuu ametandaza mchangani na anamwaga omena juu yake, kisha anazisambaza kwa mkono, zisilaliane. Hakuacha kazi kwa ajili yangu. Nikasema nimekuja kumwambia sentensi nzima ya Sista. Nikaisema pale nimesimama, kofia mkononi, neno kwa neno, kwanza kwa Kiingereza kama alivyoisema, kisha kwa Kidholuo. Probably. Kifua kikuu. Mtu asiamue jambo. Kisha nikamwambia lile swali lake nani alilijibu.

Mikono yake iliendelea kusambaza.

"Hiyo neno ya katikati," akasema. "Kwa Kidholuo ni kamoro tu?"

"Kamoro yenye uzito," nikasema. "Lakini ni kamoro."

"Ni fupi hivyo?"

"Ni fupi."

"Na ulikuwa nayo? Haikuwa ngumu ukashindwa?"

"Nilikuwa nayo."

Akainuka, akajipangusa magamba kwenye leso. Akanionyesha ziwani, ambako wingu jeusi lilikuwa limeanza kupanda kutoka upande wa Tanzania. "Unaona ile? Mimi nikiona wingu kama ile nasema kamoro mvua itanyesha. Halafu nafanya nini, shemeji? Naanua. Naweka ndani, nangoja nione. Simwagi omena kwa ziwa ati kwa sababu ya wingu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nyinyi mlinimwaga."

Nilitaka kupiga magoti, na nadhani nilikuwa nimeanza, kwa sababu aliniambia, "Kama unapiga magoti, piga ukianua. Mvua haingoji mtu."

Basi nikaanua. Mimi, daktari wa kalamu mbili, nikazoa omena kwa mikono nikijaza beseni, na yeye upande wa pili wa nyavu akizoa mara tatu kuliko mimi. Tulimaliza tukaingiza mabeseni bandani. Tukasimama mlangoni tukitazama lile wingu. Likaja, likapita juu yetu, likaenda zake milimani. Halikuanguka hata tone moja. Wilfrida alibeba beseni la kwanza akaenda kuanika upya, nami nikabeba la pili.

Nilikuwa nimejua maana ya neno lile tangu jioni ya mizani. Lakini siku hiyo ndipo nilipoona linavyotumika. Mtu mwenye hakika hana kazi zaidi, amemaliza. Mwenye probably ana kazi kutwa nzima, kuingiza na kutoa, kungoja na kutazama tena. Nadhani hiyo ndiyo niliyoikimbia. Nilimnyima Wilfrida hata nafasi ya kufanyiwa kazi hiyo.

Huko Nyeri watu hawaongei lugha yako hata moja, ukiacha Kiswahili, na wagonjwa wazee hata hicho hawatakuwa nacho. Utakaa wewe mahali pa Sista, na kando yako ataketi mtu kwenye stuli, mtu mwema tu, anayependa kusikika. Mgonjwa akiuliza jambo refu na yule akakupa jibu fupi, au akijibu yeye kabla hajakugeukia, nikumbuke. Sikuambii ufanye nini. Sina haki ya kukuambia. Nikumbuke tu vile nilivyokuwa, na kalamu zangu.

Saa ya Sista nimeiweka ndani ya sanduku, chini ya soksi ambazo mama yako hataacha kuhesabu. Si yangu. Itakusaidia kuhesabu mapigo ya wagonjwa, kazi aliyoinunulia.

Utataka kujua kama Wilfrida amenisamehe. Hakusema, nami sikuuliza. Nimejaribu hapa mara tatu kukuandikia anavyofikiri, na mara tatu nimechana karatasi, kwa sababu kila mara nilikuwa namjibia tena. Yeye aliuliza habari zako. Aliuliza kama bado ukisoma unajikuna sikio. Nikamwambia bado. Nikamwambia basi lako linaondoka steji ya Migori Jumatatu saa moja asubuhi, yaani kesho, na nikamuuliza kama atakuja kukuaga.

Alitazama omena zake, akatazama mawingu, akasema, "Kamoro."

Hilo ndilo jibu lake, mama. Sijaongeza kitu na sijapunguza.

Ni mimi,
Baba yako